Kimekwisha Kunywa Moto Wake

"Bibi, ile ilikuwa rangi tu."

Niliyasema maneno hayo Somanga, mwaka 2004, baada ya sala ya alasiri, kwenye kibanda cha kuchomelea cha mjomba wangu, mbele ya mwanamke mwenye umri wa kumzaa mama yangu. Nilikuwa na miaka 22. Nilijua kuwa nasema uwongo, kwa sababu rangi haivunjiki, na ile ilivunjika. Rangi haikati, na kipande kimoja cha ile kilikuwa kimenichana kidole cha shahada, nikakificha kidole hicho ndani ya kitambaa cha kufutia mafuta. Aliniangalia. Akaangalia kilichokuwa kwenye kiganja chake. Akasema, "Haya, fundi ndiye ajuaye." Kisha akanishukuru.

Kwa miaka ishirini sikumwambia mtu. Leo nayaeleza kama yalivyokuwa, nami sitamtwisha mwingine mzigo ulio wangu.

Anayeijua Somanga kwa dirisha la basi anaijua kwa samaki. Gari la Lindi au Mtwara likisimama tu, kina mama na vijana hulizunguka na masinia ya samaki wa kukaanga na pweza, na abiria hununua bila kushuka. Sisi tuliokulia pale tunayakumbuka zaidi mabadiliko ya miaka ile. Daraja la Mkapa kwenye Mto Rufiji lilifunguliwa 2003. Kabla yake safari ya Dar es Salaam ilikuwa ni kungoja kivuko cha Ndundu, na masika mtu aliaga kwao bila kutaja siku ya kurudi. Wakati huohuo bomba la gesi kutoka kisiwa cha Songo Songo lilipita chini ya bahari, likapanda nchi kavu Somanga Funga, likaendelea zaidi ya kilomita 200 hadi Ubungo. Mwaka 2004 gesi ile ikaanza kuzalisha umeme.

Sisi vijana tulichanganyikiwa na kazi ile ya mabomba. Tulikuwa tukienda kusimama mbali, kutwa nzima, tukiwatazama mafundi waliofunika nyuso wakiunganisha chuma kwa chuma na cheche zikiwarukia miguuni. Niliomba kazi, sikupata. Nilirudi kwenye kibanda cha mjomba, chini ya mkorosho, kwenye baiskeli zilizokatika fremu na mashine za boti zilizopasuka, lakini nilirudi na kiburi cha wale niliowatazama. Niliamini hakuna madini yatakayonishinda madhali nina moto mkononi.

Huyo Bibi sitamtaja jina. Alikuwa msuka mikeka, na kila aliyepita kwake aliona miyaa imeanikwa uani, mingine myekundu, mingine ya zambarau, mingine ya kijani, ikidondosha maji ya rangi mchangani. Alichemsha rangi zake mwenyewe kwenye sufuria kuukuu, akajua ipi inashika na ipi inachuja. Jambo hilo linaniuma kila ninapolikumbuka. Mtu aliyechemsha rangi maisha yake yote, mimi ndiye niliyemwambia rangi ni nini.

Alikuja asubuhi. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa kwenye kigoda, akafungua pindo la kanga. Akatoa kitu walichokiita kwao kikofia. Kilikuwa cha fedha, kirefu kama kidole changu cha kati, bapa, kipana mdomoni, kikichongoka kuelekea kwenye kitufe kidogo nchani. Na juu ya fedha ile palikuwa na bustani. Sina neno jingine la kuiita. Uwanja wake ulikuwa buluu ya maji makuu, ile unayoiona ukiwa ndani ya ngalawa, mwamba umekwisha kupita na chini hapaonekani tena. Juu ya buluu hiyo majani ya kijani yamesukana, na kati ya majani wamo ndege, mmoja amegeuza shingo anajichokoa bawa. Ukikiinamisha kidogo juani, mwanga ulizama ndani ya ile rangi, ukagota kwenye fedha, ukarudi. Nilikitazama kwa muda wa kuvuta pumzi mbili, nikauliza, "Kimeharibika wapi?"

Palikuwa na ufa kwenye mshono wa ubavuni, na kipete cha kuningʼinizia kilikuwa kimengʼoka. Mjukuu wake wa kike alikuwa ameposwa. Bibi alitaka kitengenezwe, binti akivae shingoni siku ya nikaha.

Akanieleza kilikotoka, nami nilisikiliza nusunusu, huku nikitafuta koleo. Bibi yake yeye, mzaa mama, aliletwa Kivinje, mji wa pwani, kutoka bara akiwa mtoto mdogo, kwa msafara, akauzwa. Jina la kwao alilisahau. Alitumika katika nyumba ya tajiri mmoja wa Kihindi, na ukutani kwa tajiri yule palitundikwa upanga ambao kuupangusa vumbi ilikuwa kazi yake. Mbao ya ala ikaliwa na mchwa, upanga ukatiwa ala nyingine, na ile ncha ya fedha ya ala ya zamani ikabaki kwenye sanduku. Siku alipoachwa huru aliulizwa anataka nini. Akaomba hiyo.

"Hiki ndicho alichotoka nacho Kivinje," Bibi akaniambia. "Hiki na nguo yake."

Kisha akaniusia. Nayakumbuka maneno yake yote, kwa kuwa nimeyarudia kichwani usiku mwingi. "Mwanangu, usikitie moto mkali. Bibi yangu aliambiwa na watu wa nyumba ile, naye akatuambia sisi: hiki kimekwisha kunywa moto wake. Ukikinywesha mwingine kitapasuka. Kigonge tu taratibu, ukifunge kwa uzi wa fedha. Ikishindikana, niachie kilivyo."

Nikamjibu, "Ondoa shaka, Bibi." Moyoni nilisema ni maneno ya wazee.

Mjomba alikuwa amekwenda Nangurukuru. Nafikiri angekuwapo angenikataza, lakini sitaki kutokuwapo kwake kuwe udhuru. Nilikilaza kikofia juu ya tofali, upande niliokuwa nimeutazama ukiwa juu, nikawasha tochi ya gesi na oksijeni, nikachukua fimbo ya shaba tuliyoitumia kuungia fremu za baiskeli. Fimbo ile huyeyuka karibu na nyuzi 900. Fedha safi yenyewe huyeyuka kwenye nyuzi 961. Kati ya kuunga na kuangamiza palikuwa na nafasi ya upana wa ukucha, na mimi sikujua hata kama nafasi hiyo ipo.

Kwanza buluu ikafifia, ikawa nyeusi. Halafu yote ikawaka wekundu, na uso wa bustani ile ukalowa, ukangʼaa kama jicho. Sasa najua maana yake: kioo kilikuwa kinarudi kuwa uji. Shaba ilishika, mshono ukafunga. Nikaona nimefaulu. Na kwa kuwa nimefaulu nikafanya nilichokifanya kila siku kwa kila chuma: nikakiinua kwa koleo, kikiwa bado chekundu, nikakitumbukiza kwenye ndoo ya maji.

Mlio ule ulikuwa kama konzi ya chumvi imetupwa kwenye makaa. Ulidumu kitambo kidogo sana. Nilipochungulia, ndooni mlikuwa na magamba ya buluu yakishuka polepole kwenda chini, kama magamba ya samaki kwenye karai la mama ntilie. Nikaingiza mkono kuyaokota. Hapo ndipo nilipochanwa kidole.

Upande uliokuwa umelalia tofali ulikwisha wote. Upande wa juu ulibaki na vipande vipande, na katika vipande hivyo walikuwamo ndege wawili wazima, yule aliyegeuza shingo na mwenzake mdogo aliyekuwa chini ya jani.

Mpaka hapo lilikuwa kosa la mkono. Fundi yeyote huharibu, na mwenye kitu hukasirika, husamehe au hasamehi. Ningeweza kufunga kibanda, nikaenda kwake, nikakaa chini ukumbini nikasema: Bibi, uliniambia, sikukusikia. Badala yake nilikaa nikikitazama kikofia kile kilichobakiwa na ndege wawili, nikapiga hesabu. Kikiwa hivi, kila mtu ataona kimeharibiwa. Kikiwa cheupe chote, kitaonekana kimesafishwa.

Nikachukua tupa, nikawakwangua wale ndege.

Walikuwa wagumu. Ilinichukua muda, na muda wote huo ningeweza kuacha. Nikapiga msasa mkali, kisha msasa laini, nikakisugua kwa maji ya betri hadi fedha ikatakata, nikakipangusa. Vumbi la buluu na kijani lilibaki mapajani mwangu, nikalikungʼuta mchangani, na magamba ya ndooni nikayamwaga nyuma ya kibanda. Alasiri Bibi akaja. Nikamwambia ile ilikuwa rangi tu, imetoka na moto, chini yake fedha yenyewe ilikuwa imefichika, na sasa inaonekana.

Alinipa shilingi 2,000. Kesho yake akaniletea bakuli la pweza wa nazi. Nililila.

Siku ya harusi nilikwenda. Bibi harusi alikivaa kwa mkufu mwembamba, kikamremeta kifuani, na wanawake wakakishika mmoja mmoja wakisifu fedha yake. Nilisimama karibu na mlango, nikasikia sifa zangu, nikaondoka kabla ya pilau.

Bibi alifariki 2009. Nilikuwa nimehamia Dar es Salaam, nikitengeneza mageti na nondo za madirisha. Nilipata habari siku ileile, na nauli nilikuwa nayo. Sikwenda kuzika.

Miaka miwili baadaye nilipeleka bangili ya mke wangu kwa sonara mmoja, mzee ambaye wazazi wake walitoka Kachi, huko India. Ndani ya kabati la kioo aliweka herini mbili ambazo hakuwa akiziuza, za marehemu mama yake. Nilipoziona miguu ilinilegea. Buluu ileile. Kijani kilekile. Nikamwuliza, "Mzee, hii ni rangi gani?"

"Si rangi," akasema. "Kioo."

Akafungua kabati, akaniwekea moja mkononi. Kwa mbele ilipambwa vijiwe vyeupe. Akaigeuza. Nyuma, upande unaogusa ngozi ambao hakuna mtu angeuona mvaaji akiwa amevaa, palijaa maua ya buluu na kijani. Alisema mapambo mengi ya kwao hufanywa hivyo, mawe kwa ajili ya watu, na mina, yaani hicho kioo cha rangi, nyuma kwa ajili ya mvaaji mwenyewe. Nilikaa kwake hadi adhana ya magharibi.

Kazi ile huitwa minakari. Haifanywi na mtu mmoja. Yupo anayechora, yupo sonara anayeunda umbo, yupo mchimbaji anayeifukua fedha au dhahabu kwa patasi nyembamba hadi kila jani na kila bawa liwe kishimo chake chenye kingo. Baada ya hao ndipo huja mwenye mina. Huchukua kioo kilichochanganywa na madini, kobalti kwa buluu, shaba kwa kijani, hukiponda kikawa unga, hukiosha, hukitia kishimoni kikiwa kimelowa, hukiacha kikauke, kisha hukiingiza tanurini kwenye joto la nyuzi 750 hadi 850 hivi. Kioo huyeyuka, hushikana na madini. Hutolewa, huachwa kipoe, huongezwa rangi nyingine, hurudishwa. Rangi zinazostahimili moto mkali hutangulia. Nyekundu huja mwisho, kwa sababu moto mwingi huiua. Na baada ya moto wa mwisho hapana moto tena. Husuguliwa kwa jiwe, husafishwa kwa ukali wa matunda kama ukwaju, hukabidhiwa mwenyewe.

Kimekwisha kunywa moto wake.

Nilimwambia sonara maneno hayo bila kumwambia nimeyasikia wapi. Aliacha alichokuwa akikifanya. "Aliyesema hivyo," akasema, "alifundishwa na mtu aliyekaa tanurini."

Alinieleza na kilichotokea kwenye ndoo, akidhani nauliza kwa kutaka kujua tu. Fedha na kioo havitanuki sawa wala havinywei sawa. Vikipoa pamoja taratibu huvumiliana. Ukivipoza ghafla, kila kimoja hukimbilia upande wake, na kioo, kwa kuwa hakijui kupinda, huachia. Fundi wa mina hukingoja kipoe chenyewe, hata ikimchelewesha. Mimi sikungoja hata dakika moja.

Tangu siku ile nimetafuta kila ninachoweza kujua juu ya vipande vile vya ala, na nitayasema machache hapa, kwa kuwa kitu nilichokiharibu kilistahili kujulikana. Ala ya upanga wa Kihindi, ule uliopinda wanaouita talwar, ni mbao mbili nyembamba zilizovikwa ngozi au mahameli. Mdomoni huvalishwa pete pana ya madini iitwayo mohnal. Nchani huvalishwa kikofia cha kuilinda mbao isipasuke, nacho huitwa tahnal. Hicho ndicho kilichokuwa mkononi mwa Bibi. Jina alilokipa lilikuwa sahihi. Ukikaa kiunoni kwa mtu, upanga wenyewe hauonekani, umo ndani. Kinachoonekana ni mpini, mohnal na tahnal, basi mafundi wa mina waliweka ufundi wao hapo.

Inasimuliwa kwamba Raja Man Singh wa Amber, aliyekuwa jemadari wa mfalme Akbar, ndiye aliyewachukua mafundi wa mina kutoka Lahore mwishoni mwa karne ya 16 akawaleta kwake, na mji wa Jaipur ulipojengwa kuanzia 1727 kazi yao ikahamia huko na kupata sifa kuliko kote, hasa kwa wekundu wao juu ya dhahabu. Lucknow walifanya zaidi juu ya fedha, kwa buluu na kijani, na ndege na majani ndani yake. Kwa macho yangu ya leo kikofia cha Bibi ni cha upande huo, ingawa naliamua hilo kwa kumbukumbu, maana ushahidi niliufuta kwa msasa.

Njia ya kufika kwetu si ya kushangaza. Matajiri wa Kachi walikuja Unguja na mwambao kwa kaskazi na kurudi kwa kusi tangu zamani, na kuanzia 1835 nyumba ya Jairam Shivji ilikodi forodha ya Sultani, ikaishika kwa miaka mingi. Kivinje ndiko misafara ya bara ilikotokea baharini, na pembe na watu vilitozwa ushuru, watu kwa kila kichwa. Upanga mzuri ulikuwa vazi la heshima. Sultani huyo, Seyyid Said, alipoipeleka jahazi yake Sultana New York mwaka 1840, miongoni mwa zawadi kwa rais wa Marekani, pamoja na farasi na lulu na shali za Kashmiri, ulikuwamo upanga uliopambwa kwa dhahabu. Kule India kwenyewe, baada ya uasi wa 1857 na sheria ya silaha ya Waingereza ya 1878, panga zilipungua viunoni. Upanga hula kutu, mahameli huoza, mbao huliwa. Fedha hubaki, na mara nyingi huyeyushwa. Kipande kama kile kukutwa kizima ndani ya kanga, katika nyumba ya udongo Somanga, ni jambo ambalo lingeweza kumliza mtu aliyeyasoma haya kabla ya kuwasha tochi.

Lakini sitaki kujificha nyuma ya habari za Jaipur. Kilichonitesa zaidi ni kile kichwa kimoja kilichouzwa Kivinje. Mkataba wa Juni 1873 ulifunga biashara ya watumwa baharini, ila bara watu waliendelea kununuliwa na kumilikiwa, na utumwa wenyewe haukufutwa kwa sheria Tanganyika hadi 1922. Mtoto yule aliletwa katika miaka ya katikati. Jina lake la kwanza limepotea. Kaburi lake halina jiwe. Alichokuwa nacho cha kuonyesha kwamba aliwahi kuwapo, kwamba aliishi, akapenda kitu kizuri, akakiomba, akakipata, kilikuwa wale ndege. Kila siku akiupangusa upanga ule alikuwa akiwaona wao. Fedha hakuiomba. Kama angetaka fedha, tajiri alikuwa na riale.

Na mimi niliwaambia wajukuu zake kwamba ndege wale walikuwa uchafu uliofunika fedha.

Nilianza kuyajua hayo 2011, nikanyamaza tena miaka 13. Nilijiambia Bibi amekwisha kufa, itasaidia nini. Nilijiambia yule bibi harusi anaishi na furaha yake, nisimvurugie. Huo ulikuwa uwongo wa pili, na huu nilijidanganya mwenyewe.

Mei 2024 nilikuwa nakwenda Lindi kwa kazi. Kimbunga Hidaya kilikuwa kimepita pwani yetu, mvua ikabomoa barabara Somanga na mbele yake, magari yakapanga foleni na watu wakalala njiani. Siku ya pili nikashuka, nikavuka matope, nikaenda kwenye nyumba ile. Yule bibi harusi sasa ana watoto watatu, na anasuka mikeka kama bibi yake. Miyaa yake alikuwa ameiingiza ndani kwa sababu ya mvua, chumba kizima kikanuka rangi.

Alinipokea kwa shangwe. "Karibu, kaka fundi! Umetupotea!" Akamwita binti yake mkubwa, wa miaka kama 11, aje aniamkie. Akamwambia: "Huyu ndiye fundi wa kikofia. Ndiye aliyetufunulia fedha." Mtoto akaniangalia kwa heshima, akasema anaijua hadithi hiyo, bibi mkuu alikuwa nacho kimefunikwa na rangi mpaka fundi mwenye akili akaiondoa.

Nikasema yote. Nilisema nikiwa nimesimama, maana sikuona haki ya kukaa. Nilisema alivyoniusia Bibi, moto, ndoo, na wale ndege wawili waliokuwa wamesalia na tupa niliyoishika.

Hakulia wala hakupaza sauti. Aliendelea kusuka mstari mzima wa ukili, mpaka mwisho. Halafu akasema, "Kwa hiyo mwanangu nimemlea na uwongo wako."

"Ndiyo."

"Basi usiniambie mimi. Mimi nimesikia. Mwambie yeye, mpaka aelewe."

Akaingia chumbani, akatoka nacho. Kimechakaa kidogo, fedha imeingia weusi kwenye pembe. Tulikimulika kwa tochi ya simu, kwa ubavu, na katika upande mmoja, karibu na mshono nilioufunga kwa shaba, tupa ilikuwa imepita juujuu. Palibaki mkwaruzo mwembamba uliopinda, ukingo wa bawa uliochimbwa na mtu wa Lucknow kabla ya babu zangu kuzaliwa. Mtoto alipitisha ukucha juu yake, akarudia tena.

Akaleta daftari la shule na penseli za rangi. Nikamchorea. Mkono wangu umezoea nondo, hauwezi ndege, lakini nilijitahidi: uwanja wa buluu, majani yalivyosukana, yule aliyegeuza shingo anajichokoa bawa, mdogo wake chini ya jani, wengine wawili juu karibu na mdomo wa kikofia. Mtoto akaongeza rangi yeye mwenyewe, akaniuliza kijani ni kipi, cha mwembe au cha mnazi. Nikamwambia cha mnazi, cha kuti changa. Mama yake alisimama nyuma yetu, anatazama.

Tulipomaliza, mtoto akafungua ukurasa mpya. Akakigeuza kikofia upande wa pili, ule uliokuwa umelalia tofali, akaniwekea mbele.

"Na huku walikuwa wangapi?"

Fedha ya upande ule ni tupu, imelala sawasawa, hakuna mahali ukucha unakwama. Asubuhi ile Bibi aliponipa mkononi, upande huo sikuugeuza kuutazama.